Kuainisha bidhaa ghalani: Namna ya kulinda huduma bila kufungia mtaji rafuni

Ghala lolote, liwe la hospitali ya kaunti, la muuzaji wa vipuri vya magari au la duka la jumla, hukabiliwa na hasara mbili zinazovutana. Bidhaa zikipungua, mteja huondoka mikono mitupu. Na katika hospitali, mgonjwa huenda akapoteza maisha. Bidhaa zikizidi, pesa hufungika rafuni, mali huchakaa, huibwa au hupitwa na muda wa matumizi. Hakuna ghala lenye fedha za kutosha kujikinga kikamilifu dhidi ya hasara zote mbili kwa kila bidhaa iliyomo. Ndiyo sababu wasimamizi wa maghala wakabuni njia za kuziainisha bidhaa katika makundi, ili ulinzi mkubwa uwekwe palipo na haja kubwa.

Wasiotumia uainishaji hujitungia kanuni moja ya kutawala kila kitu, mathalani kwamba kila bidhaa iwe na akiba ya miezi mitatu. Kanuni hiyo ina sura ya usawa na ni rahisi kuikumbuka, lakini huleta balaa pande zote mbili. Akiba ya miezi mitatu ya glavu hula fedha nyingi na kujaza vyumba, ilhali glavu hupatikana kwa wauzaji wengi mjini. Akiba ya miezi mitatu ya dawa inayotumiwa mara chache, bila mpangilio wa kutabirika, huenda ikamalizwa na wagonjwa wawili wa usiku mmoja.

Chanzo cha uainishaji unaotumika zaidi ulimwenguni ni mwanauchumi wa Kiitaliano, Vilfredo Pareto, aliyefundisha katika Chuo Kikuu cha Lausanne, Uswisi. Mwishoni mwa karne ya 19, Pareto alichunguza mgawanyo wa mapato katika mataifa mbalimbali na kuonyesha kwamba sehemu kubwa ya mali ilikuwa mikononi mwa watu wachache. Joseph Juran, mtaalamu wa ubora wa bidhaa nchini Marekani, ndiye aliyelichukua wazo hilo katika karne ya 20, akalipeleka viwandani na kulipa jina la Pareto. Mnamo 1951, H. Ford Dickie wa kampuni ya General Electric aliandika makala yaliyoeleza jinsi wazo hilo hilo linavyoweza kutumiwa kugawa bidhaa za ghala katika makundi matatu: A, B na C. Tangu hapo herufi hizo zimekuwa lugha ya kila siku ya watunza maghala.

Utaratibu wenyewe hauhitaji elimu ya juu. Mtunza ghala huchukua idadi ya kila bidhaa iliyotumika kwa mwaka mmoja na kuizidisha kwa bei ya bidhaa moja. Matokeo hupangwa kuanzia kubwa hadi dogo, kisha asilimia za gharama hujumlishwa kutoka juu kwenda chini. Bidhaa za juu zinazobeba takriban asilimia 75 hadi 80 ya gharama yote huwa kundi A. Zinazofuata, zenye asilimia 15 hadi 20, huwa kundi B. Na zilizosalia huwa kundi C. Katika maghala mengi ya dawa, kundi A huwa na asilimia 10 hadi 20 tu ya aina zote za bidhaa. Kundi C ndilo lenye msururu mrefu zaidi wa majina, na ndilo linalogharimu kidogo zaidi.

Tuchukue mfano wa kubuni wa hospitali ndogo yenye bidhaa nane, kwa bei zilizorahisishwa ili hesabu ionekane. Kwa mwaka mmoja hospitali hiyo hutumia pakiti 2,000 za glavu za Sh500 kila moja, yaani Sh1,000,000. Hutumia vichupa 15,000 vya dawa ya sindano ya seftriaksoni vya Sh50, yaani Sh750,000, na dozi 12,000 za dawa ya malaria za Sh60, yaani Sh720,000. Dawa ya kuzima sumu ya nyoka ni vichupa 30 tu, lakini kila kimoja ni Sh8,000, hivyo jumla ni Sh240,000. Tembe 400,000 za parasitamoli za senti 50 hugharimu Sh200,000. Chupa 1,500 za maji ya vitamini za Sh120 hugharimu Sh180,000. Sindano 3,000 za oksitosini za Sh30 hugharimu Sh90,000, na sindano 400 za adrenalini za Sh50 hugharimu Sh20,000 pekee.

Jumla ya matumizi ni Sh3,200,000. Glavu, seftriaksoni na dawa ya malaria zimechukua Sh2,470,000, takriban asilimia 77. Hizo ni A. Dawa ya nyoka, parasitamoli na vitamini zimechukua Sh620,000, takriban asilimia 19. Hizo ni B. Oksitosini na adrenalini kwa pamoja hazifiki asilimia 4, nazo zimetupwa katika kundi C.

Lau mtunza ghala angeishia hapo, angefuata ushauri wa kawaida wa vitabu vya biashara, kwamba bidhaa za C zisimpotezee muda. Lakini oksitosini ni dawa ya kuzuia na kutibu uvujaji wa damu baada ya kujifungua, mojawapo ya visababishi vikuu vya vifo vya akina mama duniani. Adrenalini humwokoa mtu ambaye mwili wake umepatwa na mshtuko mkali kutokana na mzio, na huhitajika katika muda wa dakika, wala si saa. Orodha ya A, B na C imezipima bidhaa hizo kwa fedha peke yake, na kwa mizani ya fedha zimeonekana kuwa duni kuliko maji ya vitamini.

Udhaifu huu ndio uliowafanya wataalamu wa dawa kuongeza mizani ya pili, ijulikanayo kama VEN. V ni dawa za kuokoa uhai au zile ambazo kuzikatiza ghafla ni hatari, kwa mfano insulini. E ni dawa zinazotibu maradhi mazito yanayowapata watu wengi, ingawa kukosekana kwake kwa siku chache hakumaanishi kifo. N ni zile zisizo za lazima sana: za kutuliza maradhi madogo yanayopona yenyewe, au zenye bei ya juu kuliko faida yake kwa mgonjwa. Maghala ya vipuri vya mitambo hutumia mizani inayofanana na hiyo, ambapo swali huwa moja: kipuri hiki kikikosekana, je, mtambo utasimama?

Mizani ya VEN ni ndugu wa wazo la dawa muhimu. Shirika la Afya Duniani, WHO, lilitoa orodha yake ya kwanza ya mfano ya dawa muhimu mwaka 1977, na Kenya ikawa na orodha yake ya kitaifa mwaka 1981. Orodha hiyo ya Kenya imefanyiwa marekebisho mara kadhaa, yakiwemo ya 2010, 2016, 2019 na 2023. Hata hivyo, orodha ya taifa husema tu ni dawa zipi zinafaa kuwepo nchini na katika kituo cha ngazi gani. Haimwelezi mfamasia wa hospitali fulani ni zipi azipiganie kwanza pale pesa za robo ya mwaka zinapotosha nusu ya mahitaji. Hiyo ni kazi ya kamati ya dawa ya hospitali yenyewe.

Katika kamati hizo ndipo mvutano hutokea. Kila daktari huamini kwamba dawa za idara yake ni za V. Mpasuaji hutaja zake, mtaalamu wa watoto hutaja zake, na asiyekuwepo kikaoni hugundua baadaye kwamba zake zimeandikwa N. Kamati dhaifu humaliza ubishi kwa kuandika V kila mahali, na kwa kufanya hivyo huwa haikuainisha chochote. Kamati imara huuliza swali lenye makali zaidi: dawa hii ikikosekana kwa siku tatu, ni nani atakayekufa au kulemaa, na je, kuna dawa nyingine rafuni inayoweza kushika nafasi yake? Swali hilo huteremsha dawa nyingi hadi E bila kumvunjia mtu heshima.

Mizani hizo mbili huunganishwa kwa jedwali lenye vyumba tisa. Utaratibu uliozoeleka ni kuyafinya makundi hayo tisa yawe madaraja matatu ya usimamizi. Daraja la kwanza huchukua kila kilicho A na kila kilicho V: ama ni ghali kwa jumla, ama ni cha uhai. Daraja la pili huchukua B na C zilizo E, pamoja na B zilizo N. Daraja la tatu hubakiwa na bidhaa za CN peke yake, ambazo ni rahisi na zisizo za lazima. Katika mfano wetu, oksitosini na adrenalini hupanda kutoka chini kabisa hadi daraja la kwanza. Maji ya vitamini, ambayo ni BN, huenda daraja la pili, na huko huwa ya kwanza kukatwa bajeti inapopungua.

Ikumbukwe kwamba daraja la kwanza lina wakazi wa tabia mbili tofauti, na kuwatendea namna moja ni makosa. Bidhaa ya A isiyo ya uhai huchungwa ili isizidi. Huagizwa mara kwa mara kwa kiasi kidogo, bei yake hujadiliwa, na hesabu yake hukaguliwa kila mwezi. Bidhaa ya C iliyo ya uhai huchungwa ili isipungue. Inaweza kuagizwa kwa wingi na kukaa muda mrefu, almuradi tarehe ya mwisho ya matumizi yake haijakaribia. Kwa oksitosini kuna sharti jingine. Dawa hiyo huhifadhiwa katika jokofu, kati ya nyuzi 2 na 8 za Selsiasi, kwa hivyo kipimo cha wingi wake ni nafasi iliyopo kwenye jokofu na uhakika wa umeme, wala si bei.

Baada ya makundi kupatikana, hufuata swali la kiwango cha huduma, yaani uwezekano kwamba bidhaa haitaisha kabla ya shehena mpya kufika. Hapa ndipo gharama huanza kuuma. Akiba ya tahadhari, ile inayowekwa juu ya matumizi ya kawaida, hukokotolewa kwa kuzidisha mambo matatu: kigezo cha kiwango cha huduma, kiasi cha kupanda na kushuka kwa matumizi ambacho wanatakwimu hukiita mkengeuko, na kipeuo cha pili cha muda wa kusubiri shehena. Kigezo ni takriban 1.28 kwa huduma ya asilimia 90, 1.645 kwa asilimia 95, 2.33 kwa asilimia 99, na 3.09 kwa asilimia 99.9.

Tarakimu hizo zina funzo ndani yake. Kutoka asilimia 95 hadi 99 ni hatua ya alama nne tu, lakini huongeza akiba ya tahadhari kwa zaidi ya asilimia 40. Kutoka 99 hadi 99.9 si hata alama moja kamili, nayo huongeza takriban theluthi nyingine. Asilimia 100 haipo. Ingehitaji ghala lisilo na kuta.

Turudi kwenye mfano. Hospitali hutumia takriban sindano 58 za oksitosini kwa wiki. Tuseme mkengeuko wake ni sindano 20 kwa wiki, na shehena huchukua wiki nne kufika. Kipeuo cha pili cha nne ni mbili, kwa hivyo mkengeuko katika kipindi chote cha kusubiri ni sindano 40. Huduma ya asilimia 95 itahitaji akiba ya sindano 66. Ya asilimia 99.9 itahitaji 124. Tofauti ni sindano 58, yaani Sh1,740. Kwa glavu, tuseme mkengeuko ni pakiti 15 kwa wiki na muda wa kusubiri ni ule ule. Huduma ya asilimia 95 ni pakiti 50, na ya asilimia 99.9 ni pakiti 93. Tofauti ni pakiti 43, yaani Sh21,500. Shilingi zinazotumika kuinua kiwango cha glavu zingeinua kile cha oksitosini mara kumi na mbili. Glavu, zikiisha, mtu anaweza kutumwa mjini kuzinunua asubuhi hiyo hiyo. Mama anayevuja damu saa tisa za usiku hana asubuhi ya kungojea.

Hesabu hiyo ina mtego mmoja ambao umewanasa wengi. Huchukulia kwamba ghala linaweza kuagiza siku yoyote. Vituo vingi vya umma humu nchini vimezoea kuagiza mara moja kila robo ya mwaka, kwa hivyo agizo la leo lazima livumilie wiki 13 za kungoja zamu inayofuata, kisha wiki nne za shehena kusafiri. Jumla ni wiki 17, na kipeuo chake cha pili ni takriban 4.12. Akiba ya oksitosini kwa huduma ya asilimia 99.9 hupanda kutoka sindano 124 hadi takriban 255, yaani Sh7,650. Bado ni fedha kidogo mno kwa dawa ya aina hiyo. Lakini kituo kinapotumia hesabu ya wiki nne ilhali kinaagiza kila baada ya miezi mitatu, hukaa kikiamini kwamba kina ulinzi ambao hakina.

Muda wa kusubiri nao si tarakimu ya kudumu. KEMSA, mamlaka ya serikali inayosambaza dawa na vifaa vya matibabu, iliundwa mwaka 2000, na baada ya ugatuzi wa huduma za afya mwaka 2013 serikali za kaunti ndizo zikawa wateja wake wakuu. Tangu wakati huo, madeni ya kaunti kwa mamlaka hiyo yamekuwa yakiripotiwa mara kwa mara kuwa ya mabilioni ya pesa. Deni linapozuia shehena, wiki nne hugeuka kuwa kumi na sita. Kwa mujibu wa kanuni ya kipeuo, akiba ya tahadhari ingepaswa kuongezeka maradufu, na matumizi ya kawaida ya kipindi cha kungoja huwa mara nne. Hakuna uainishaji unaoweza kufuta athari ya deni. Unachoweza kufanya ni kuonyesha, kabla ya rafu kukauka, ni bidhaa zipi kumi au kumi na tano ambazo kaunti inapaswa kuzilipia kwanza, au kuzinunua kwa muuzaji mwingine kama vile MEDS, shirika lililoanzishwa na makanisa mwaka 1986.

Mizani ya tatu huangalia tabia ya matumizi. Bidhaa ya X hutumika kwa kiasi kilekile wiki hadi wiki. Ya Y hupanda na kushuka kwa misimu. Ya Z haina mpangilio. Kipimo chake ni mkengeuko uliogawanywa kwa wastani wa matumizi. Glavu ni X. Dawa ya malaria katika nyanda za juu za magharibi ni Y, kwa kuwa wagonjwa huongezeka baada ya mvua ya masika, na mtunza ghala anayeagiza kwa kufuata wastani wa mwaka mzima atakuwa na ziada mwezi Februari na uhaba mwezi Juni. Bidhaa za Y hazihitaji akiba kubwa mwaka mzima, zinahitaji kalenda.

Bidhaa ya Z iliyo ya uhai na ya bei ya juu ndiyo mtihani mkubwa kuliko yote, na mfano wake humu nchini ni dawa ya kuzima sumu ya nyoka. Hutoka nje ya nchi, ni ghali, ina muda maalumu wa matumizi, na wagonjwa wake huja bila taarifa. Katika kaunti kama Baringo na Kitui, ambako watu huumwa na nyoka wakiwa shambani, malishoni au hata kitandani, zahanati inaweza kukaa miezi kadhaa bila mgonjwa hata mmoja kisha ikapokea watatu katika juma moja. WHO liliyaorodhesha madhara ya sumu ya nyoka miongoni mwa maradhi ya kitropiki yaliyopuuzwa mwaka 2017.

Mwanahesabu atashauri akiba hiyo ikusanywe mahali pamoja. Zahanati tisa zikiweka kila moja akiba yake ya tahadhari, na ikiwa matumizi ya moja hayategemei ya nyingine, akiba ya pamoja inayotoa ulinzi uleule ni sawa na ya zahanati tatu tu, kwa maana kipeuo cha pili cha tisa ni tatu. Theluthi mbili ya fedha huokolewa, na dawa haziharibiki kwa kusahauliwa katika jokofu la zahanati ya mbali. Isitoshe, matibabu hayo yanahitaji mhudumu aliyefunzwa na kifaa cha kumsaidia mgonjwa kupumua, mambo ambayo zahanati ndogo huwa haina.

Lakini hesabu ya kipeuo haina barabara ndani yake. Haijui kwamba mto umefurika, kwamba pikipiki ndiyo ambulansi, na kwamba saa zinazopotea njiani ndizo zinazoamua kama mguu utakatwa. Kwa hivyo, akiba ya pamoja hufaa pale tu muda wa kumfikisha mgonjwa kwenye dawa, au dawa kwa mgonjwa, unapokuwa mfupi kuliko muda ambao sumu inahitaji kufanya uharibifu. Kaunti yenye eneo kubwa huenda ikahitaji vituo vitatu au vinne vya kuhifadhi badala ya kimoja, na igharimike. Huu ni uamuzi wa ramani na barabara zaidi ya uamuzi wa bohari.

Wafanyabiashara wanaweza kuiga mbinu hizi, japo mizani yao ya pili si uhai bali uaminifu wa mteja. Unga, maziwa na mkate huleta faida ndogo kwa kila kipimo, na orodha inayopanga bidhaa kwa faida pekee huziweka chini. Hata hivyo, mteja anayekosa unga hauulizi sukari. Huenda duka la pili na kununua vyote huko. Wakenya walishuhudia jambo hilo mwaka 2017, wakati rafu za Nakumatt zilipobaki tupu baada ya wauzaji wasiolipwa kukatiza bidhaa zao. Chanzo kilikuwa madeni na si uainishaji, lakini namna wateja walivyohama ilikuwa ile ile. Kampuni hiyo iliwekwa chini ya msimamizi mwaka 2018.

Kwa muuzaji wa vipuri, kama wale wa barabara ya Kirinyaga jijini Nairobi, hatari kubwa huwa upande wa pili. Breki na vichujio vya mafuta hutoka kila siku. Giaboksi ya gari ambalo halionekani tena barabarani inaweza kukaa miaka, ikiwa imebeba mtaji ambao ungenunua breki za msimu mzima. Bidhaa za namna hii hutengwa kwa kipimo rahisi cha kasi: zinazotoka haraka, zinazotoka polepole, na zilizokufa. Iliyokufa huuzwa kwa hasara, mapema. Wengi hukataa, wakishikilia bei waliyonunulia, ilhali bei hiyo imeshapita na kodi ya chumba bado inalipwa.

Sekta ya umma nayo ina kumbukumbu zake za bidhaa zilizokufa. Katika miaka ya 1980 vituo vya afya vya mashambani vilipelekewa dawa katika makasha yaliyofungwa kwa mpangilio mmoja. Makasha hayo yaliwafikishia dawa wananchi ambao awali hawakuwa nazo, na hilo lisisahauliwe. Lakini kituo chenye malaria kidogo kilipata dawa za malaria sawa na jirani yake wa bondeni, mmoja akirundika na mwingine akipungukiwa. Ndipo baadaye vituo vikaruhusiwa kuagiza vinachohitaji. Na wakati wa janga la korona mwaka 2020, vifaa vya kujikinga vilivyonunuliwa kwa bei ya juu vilibaki katika maghala ya KEMSA baada ya bei ya sokoni kushuka. Miezi michache ilitosha kuigeuza bidhaa iliyopiganiwa na kila hospitali kuwa mzigo usio na mnunuzi.

Kwa sababu hiyo, uainishaji hauandikwi mara moja ukatundikwa ukutani. Vitengo vingi huupitia upya mara moja kwa mwaka, na mapema zaidi panapotokea mlipuko wa maradhi, mabadiliko ya mwongozo wa matibabu au bei mpya. Kenya ilipoamua mwaka 2004 kubadilisha dawa yake ya kwanza ya malaria, ghala lililokuwa limejaza dawa ya awali kwa kigezo cha A lilibaki na akiba ambayo madaktari walikuwa wakielekezwa kuiacha. Dawa mpya, kwa upande mwingine, huingia bila historia ya matumizi, na haifai kungojewa mwaka mzima ili ijipatie herufi. Hupewa daraja la muda kwa kulinganishwa na idadi ya wagonjwa wanaotarajiwa.

Yote haya husimama juu ya kadi ya ghala. Iwapo kadi inasema sindano 90 na rafu ina 40, hakuna kipeuo kitakachosaidia. Bidhaa za A na za V huhesabiwa kwa mkono kila mwezi, za B kila robo ya mwaka, na zilizobaki mara moja au mbili kwa mwaka, huku zile zinazokaribia mwisho wa muda wake zikiwekwa mbele ili zitoke kwanza. Aidha, siku ambazo rafu ilikuwa tupu sharti ziandikwe. Dawa iliyokosekana kwa miezi miwili huonekana katika hesabu ya mwaka kana kwamba wagonjwa hawakuihitaji, na agizo linalofuata hutolewa pungufu kwa kiasi hicho. Marekebisho yake ni mepesi: matumizi ya miezi kumi hugawanywa kwa kumi, badala ya kumi na mbili.